Kifuniko cha Sumaku

Kwako Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, na uzipokee kwa uzito wake, maana nimeziandika kwa kalamu na mkono wangu mwenyewe. Mimi ni mzima, ila goti la kushoto linanisema kila ninapopanda ngazi, na miwani nimeongezewa nguvu tena. Mashine zangu zote mbili zinafanya kazi. Wewe je, hali yako ikoje? Usingizi unapata? Chakula kinapita? Mkono wa kulia sasa unaunyanyua mpaka wapi? Nakuuliza hivi nikitaka jibu lenyewe, refu, si lile la "nzuri, wewe je" tulilozoea kwenye simu.

Najua umengoja neno langu mpaka umechoka. Miezi miwili imepita tangu mkwe wangu alipofika na mzigo wako, ile tableti, akauweka juu ya meza ya kukatia, katikati ya vipande vya vitambaa, akanywa maji akaondoka. Mimi nikakutumia ujumbe wa "nimepokea, ahsante sana", basi. Kwa zawadi kama ile, kutoka kwa mtu kama wewe, hiyo si shukrani, hiyo ni risiti. Nakuomba radhi.

Halafu ndani ya tableti nikaikuta video yako. Dakika nne na sekunde kumi na mbili. Umekaa kwenye kiti cha jikoni, shali ya kijani mabegani, unaongea huku ukiniangalia, na mwishoni unafuta macho kwa ncha ya shali. Nimeitazama mara nyingi kuliko ninavyoweza kukwambia. Na sikukujibu. Sikukujibu kwa sababu ilikuwa lazima kwanza niingize programu moja kwenye tableti, na bila programu hiyo nisingekuwa na neno la maana la kukwambia. Ni programu gani, na kwa nini, nitakueleza huko chini. Hapa juu ya karatasi ujasiri bado haujanifikia. Acha kwanza nikusimulie tulivyohangaika, ucheke kidogo, ndipo nikupe lililo moyoni.

Unanijua vizuri. Kitu kizuri kikiingia nyumbani kwangu hakikai uchi. Ndivyo tulivyolelewa, Mama alifunika redio, akafunika birika, na kifuniko cha birika nacho kikawa na kitambaa chake. Siku ile ile tableti ilipofika niliipima kwa futi kama mteja, nikaishonea kifuniko cha kitambaa cha suti rangi ya bluu iliyoiva, ndani nikatia sponji laini, ile ya gharama ninayowawekea mabibi harusi, pembeni mshono wa mara mbili. Vifungo niliviona havina hadhi. Nilikuwa na vishikizo vya sumaku vilivyobaki kwenye kazi ya mikoba, vile vinavyojifunga vyenyewe, nikaweka jozi mbili. Dada, kifuniko kilikaa kama kimezaliwa nayo. Wateja wawili waliagiza cha kwao hapo hapo.

Sasa njoo kwenye programu. Intaneti ninaivuta kwa jirani yangu wa ukuta mmoja, mwenye steshenari. Watu humwita Bi Karatasi. Ni mwanamke mwembamba, kalamu haimtoki kwenye nywele, anachapa barua, anatoa kopi, na kutwa nzima anagombana na printa yake kama vile ni mume. Alinipa neno la siri la waifai bila kuniuliza ninalitakia nini. Nikarudi ndani, nikaitafuta ile programu, nikabonyeza pakua. Kaduara kakaanza kuzunguka, na chini yake pakaandikwa "Inasubiri". Nami nikasema isubiri kwa amani. Nikafunga kifuniko vizuri ili vumbi la vitambaa lisiingie, nikaipapasa mgongoni, nikarudi kwenye mashine.

Baada ya saa nzima nilifungua nikakuta "Inasubiri". Nikafunga tena. Jioni nilikuta maneno mengine, kwamba upakuaji umeshindikana. Ikawa hivyo siku ya pili, na ya tatu, wiki ikaisha, na mwezi ukaisha. Nilifikiri labda imejaa, kwa kuwa si tableti ya kifahari na nafasi yake ni ndogo. Nikafuta michezo iliyokuja nayo, mmoja wa matunda na mmoja wa magari, ingawa roho iliniuma kutupa kitu ulichokilipia. Nikaizima nikaiwasha. Nikaiweka juu ya kabati kwa kudhani huko juu ndiko intaneti inakopita. Nikaisogeza dirishani. Kila nilikoiweka niliifunika vizuri, na kila nilipoifunua ilikuwa imeshindwa.

Nikajikaza, nikaibeba mpaka kwa Bi Karatasi. Alinigusa bega kama kawaida yake, akanivutia kiti, akaifungua. Cha kwanza alichokiona ni tarehe. Betri ilikuwa imekwisha kabisa njiani, na ilipoamka ikabaki na tarehe ya kiwandani, kwa hiyo kwa hesabu ya tableti mimi na yeye tulikuwa tunaishi miaka minne iliyopita. Alinieleza kwamba kifaa kisichojua leo ni lini hakiaminiwi huko programu zinakotoka, kinanyimwa. Akairekebisha. Tukabonyeza pakua, na safari hii kaduara kakaanza kujaa kweli, asilimia kumi, ishirini, thelathini. Nikamshukuru karibu nimpigie magoti. Nikafunga kifuniko, nikaipapasa, nikaenda nayo nyumbani. Kufungua, ni thelathini ile ile.

Kesho yake nikarudi, ikawa vile vile. Siku ya tatu Bi Karatasi aliacha printa yake, akakunja mikono, akaanza kuniangalia mimi badala ya kuiangalia tableti. Nikabonyeza. Kaduara kakazunguka. Nikafunga kifuniko. Hapo akanishika mkono. Akafungua, kioo kikawaka. Akafunga, akafungua, kikawaka tena. Akatoa kibanio cha karatasi kwenye droo, akakisogeza polepole karibu na kifuniko changu, na kibanio kikaruka kikanata. Dada, yule mwanamke alicheka mpaka akakaa chini sakafuni, kalamu ikamdondoka kwenye nywele.

Alipopata pumzi alinionyesha. Tableti hizi ndani zina kitu kinachohisi sumaku. Sumaku ikikaribia, yenyewe inajua imefunikwa, inalala. Na hii ilikuwa imewekwa kwamba ikilala, intaneti inakatwa ili isimalize chaji. Kwa hiyo majuma yote yale, kila nilipoifunika kwa upendo ili ifanye kazi, ndipo nilipokuwa nikiilaza mwenyewe. Haikuwa mbovu hata kidogo. Ilikuwa mtiifu. Tuliivua kifuniko, na programu ikaingia kabla sijamaliza kuona aibu.

Lakini hiyo ilikuwa nusu ya kazi. Programu hiyo ilihitaji tableti iwe huru, na video yako ichezwe kwenye kifaa kingine pembeni yake. Simu yangu, unaijua, ni ya vitufe. Ikabidi video ihamie kwenye kompyuta ya Bi Karatasi. Akaniambia nilete waya, nikaleta. Akauchomeka tundu la mbele, akauchomeka la nyuma, akaizima kompyuta akaiwasha. Tableti ikawa inachaji vizuri kabisa, ila kompyuta ikasema haioni kitu. Bi Karatasi akaniuliza kama huo ndio waya uliotoka na tableti kwenye boksi. Nikamjibu kwa fahari kwamba waya wa kwenye boksi uko salama, bado uko kwenye nailoni yake, ndani ya droo pamoja na mkasi mzuri. Huu ni wa taa yangu ya kusomea.

Kisha akanieleza, bila kucheka safari hii, kwamba waya wa taa hupitisha umeme tu, haupitishi kitu kingine chochote, hata uung'ang'anie mwaka mzima. Nikaenda nyumbani, nikaichana ile nailoni ya waya kwa uchungu, nikarudi. Hata hivyo kompyuta ilikataa, mpaka Bi Karatasi alipovuta kioo cha tableti kutoka juu kwenda chini, akakuta pameandikwa "Kuchaji pekee", akabadilisha kuwa "Kuhamisha faili". Hapo ndipo folda ikafunguka kwenye kompyuta, na ndani yake ukatokea wewe, mdogo kama picha ya kitambulisho, na shali yako ya kijani.

Dukani mlikuwa na watu watatu wanangoja kopi. Spika za kompyuta zilikuwa zimewashwa. Bi Karatasi alikuwa tayari ameweka kidole kubonyeza uso wako ucheze. Nikamkamata mkono, nadhani nilimuumiza. Akageuka kunitazama, nami nikatikisa kichwa, kwa sababu sikujua umesema nini kwenye hiyo video, Dada. Nilikuwa nimeitazama zaidi ya mwezi na sikujua neno hata moja.

Bi Karatasi alifungua ukurasa mtupu kwenye kompyuta, akaandika kwa herufi kubwa, na mimi nikasoma zikitokea moja moja:

"Fundi, husikii. Najua tangu mwaka juzi. Naenda nje na hawa. Ukimaliza gonga dirisha."

Akawatoa wateja wote watatu, akawaambia printa imekwama, akafunga mlango wake mwenyewe na kusimama ng'ambo ya barabara, akatugeuzia mgongo, mimi na wewe. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini siku zote ananigusa bega kabla ya kufungua mdomo, na kwa nini huwa ananigeukia uso anaponieleza mambo.

Basi nimefika huko chini nilikokuahidi. Dada, sisikii. Lilianza sikio la kulia, miaka minne sasa, mlio kama wa mashine isiyozimwa. Kisha likafuata la kushoto. Miaka thelathini na moja nimekaa na ile mashine kubwa ya chuma, nadhani ilikuwa inanila kidogo kidogo nami najitia hamnazo. Dukani nimejifunza kusoma midomo. Mteja akinionyesha picha ya gauni, hatuhitaji maneno mengi. Lakini simu haina midomo. Kwenye simu sauti yako inanifikia kama mvumo wa kitu kinachopita chumba cha pili, hakuna neno ndani yake. Ukinyamaza, nasema "kabisa". Sauti ikipanda, nacheka. Ikiwa ndefu, nasema "Mungu mkubwa". Miaka miwili nimezungumza nawe hivyo kila Jumapili. Nilihofia nikisema, watoto wataniambia nifunge kazi, na wewe utaanza kunionea huruma, nami sikuzoea kuonewa huruma na mtu niliyekuwa nikimshinda kupanda miti.

Siku moja alikuja mteja, mwanamke asiyesikia tangu kuzaliwa, anataka sketi. Akaweka simu yake juu ya meza ya kukatia, na kila nililosema likawa linajiandika pale. Nilimpima kiuno mara tatu ili niendelee kuangalia. Sikumwambia kwamba tuko wawili, nilimwomba tu anionyeshe jina la hiyo programu. Wiki ile ile mzigo wako ukafika. Sasa unajua ni programu gani.

Kwa hiyo siku ile, mlango ukiwa umefungwa, niliweka tableti mbele ya spika, nikaongeza sauti mpaka meza ikatetemeka, nikakubonyeza. Ukaanza kuongea, na maneno yako yakaanza kujipanga mbele yangu, bila nukta wala mkato. Mengine iliyakosea. Haya haikuyakosea, na nimeyanakili hapa jinsi yalivyokuja:

"mdogo wangu nilikupigia wewe wa kwanza watoto sikutaka kuwatia hofu nikakwambia wamenikuta na kitu kwenye titi nakwenda kukatwa nikakuomba uje ukae na mimi wiki moja tu wewe ukacheka ukasema hongera dada nimefurahi sana nimekaa hospitali najiuliza nilikukosea nini"

Naikumbuka simu ile. Ilikuwa juma la matokeo ya mjukuu wako, nami nikajua moja kwa moja unaniambia amefaulu. Sauti yako ilitetemeka, nikaona ni furaha. Nikakupongeza, nikakata simu, nikarudi kwenye mashine nikamalizia kola ya shati. Wewe ukaenda kwenye kisu peke yako.

Video ilikuwa inaendelea, nami machozi yalinizuia kusoma, ikabidi niirudishe nyuma. Ukasema daktari ameridhika, kwamba umeambiwa pamekwisha na utakuwa unaangaliwa tu. Niliegemea meza ya Bi Karatasi nikashukuru kwa sauti, na sijui ilikuwa kubwa kiasi gani. Kisha ukasema hili la mwisho:

"sijui una nini na mimi lakini nimetoka hospitali na kitu cha kwanza nilichotaka ni kuuona uso wako hata kama hutaki kuongea nimenunua hii si ya bei kubwa usiisifie sana"

Dada, nitaisifia. Nitaisifia mpaka unichoke. Ulikuwa na nyuzi mwilini, unaamini kabisa kwamba mdogo wako amekucheka, na bado ukaenda dukani ukachagua kitu cha kunipa, ukakifunga vizuri, ukatafuta mtu wa kukileta. Nimepewa vitu vingi maishani na watu waliokuwa wakinipenda siku hiyo. Sijapewa kitu na mtu niliyekuwa nimemuumiza namna ile. Sijui nilifanya nini kustahili kuzaliwa nyuma yako.

Nisamehe. Sikukucheka. Sikuwepo kwenye ile simu, ilikuwa ni sauti yangu tu inajibu ovyo, na kiburi changu ndicho kilichoishika.

Nilipogonga dirisha, Bi Karatasi aliingia, akaniona uso, akachomoa karatasi nyeupe kwenye printa akanipa nijifutie, kwa kuwa ndiyo aliyokuwa nayo. Baadaye alinishika mkono akanipeleka mwenyewe kwenye zahanati ya masikio, akakaa nami pale mpaka nikaitwa. Wamesema la kulia limekwenda, la kushoto huenda likasaidiwa na kifaa. Watoto nimewaambia. Hakuna aliyenitaka nifunge kazi. Binti yangu alilia, kisha akanigombeza, na ugomvi wenyewe niliusoma kwenye tableti tangu mwanzo mpaka mwisho.

Sasa nisikilize. Simu usinipigie tena. Ile wiki moja uliyoniomba nakuletea, najua imechelewa. Nimewaandikia wateja wote kwamba kazi imefungwa majuma mawili. Jumamosi ijayo nitakuwa mlangoni kwako na tableti mkononi, haina kifuniko. Tutaiweka mezani katikati yetu, wewe kwenye kiti chako cha jikoni, na nitakuomba uniambie tena, kuanzia siku ulipokigusa hicho kitu kwa mara ya kwanza. Usifupishe. Nitakuwa nasoma, na nitakuwa nakuangalia, na safari hii sitasema "kabisa".

Kile kifuniko nimekifumua. Sumaku nimempa Bi Karatasi, anashikia vibanio vyake. Sponji niliiosha, nikaikata upya na kuipunguza pembeni kwa mkasi mzuri, ikawa ya duara. Nimekushonea sidiria tatu za pamba laini, mshono wote uko nje ili usikukwaruze kwenye kovu, na upande mmoja ndani nimeweka mfuko wa kuitia hiyo sponji, ikae mahali pa titi. Kipimo chako sikukuuliza. Nilikuwa nakishonea tangu tukiwa wasichana, kinakaa mikononi mwangu. Kama kimebadilika, tutarekebisha nikifika.

Msalimie mjukuu wako, na umwambie hongera yake ilimpotea bibi mmoja njiani, atampa upya ana kwa ana. Wasalimie wote wanaokuuliza habari zangu. Ulale vizuri, usinyanyue vitu vizito, uache ndoo zote zinisubiri.

Ni mimi mdogo wako,

Sindano